Ushuru wa Mteremko

Shangazi Theonestina tulimzika siku ya Jumatano, ndani ya shamba lake mwenyewe la migomba hapo Ihanda, Karagwe, na jioni yake nilikaa na wanawake wenzangu nyuma ya nyumba tukimenya ndizi za waombolezaji. Mikono yangu siku hizi imezoea chaki. Utomvu ulinishika mpaka kwenye kucha, na wifi zangu wakawa wananicheka kwamba mwalimu anamenya kama anayesahihisha mitihani, anaitazama kila ndizi mara mbili. Ndipo nikasikia pikipiki ikishuka kutoka barabarani bila mlio, magurudumu tu yakikwaruza changarawe. Vijana wa sasa hawashuki hivyo. Wao wanapenda kusikika. Nikajua huyo ni mtu wa zamani, nikainua kichwa, nikamwona Evodi akiegesha pikipiki pembeni ya tanuri la matofali, ndevu zimeingia mvi, koti lina vumbi la Kaisho hadi mabegani. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule tuliosoma Kiingereza pamoja. Kisu kilinitoka mkononi, na wifi zangu wakapata la kuchekea tena.

Kwa nini nilipelekwa kuishi kwa shangazi mwaka ule si habari ya hapa, na wahusika wengi wameshalala makaburini. Itoshe kusema nilikuwa nimefeli Kiingereza kidato cha nne, nikaambiwa nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wakati nasubiri nimsaidie shangazi kazi za mgahawa. Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye meza za mbao zilizochongwa na seremala asiyejua kupima, ukiwa umetazamana na kijiwe cha bodaboda. Asubuhi tuliuza chai ya maziwa na maandazi, mchana ndizi na maharage, na siku ya mnada supu ya kongoro. Jiko lilitenganishwa na wateja kwa ukuta wa fito na udongo ambao haukufika juu, kwa hiyo kila kilichosemwa mezani nilikisikia huku moshi ukinitoa machozi. Chumba nilicholala kilikuwa nyuma ya jiko, na kuta zake shangazi alikuwa amezibandika magazeti ili udongo usidondokee kitanda. Nilikuwa nikiamka naziona habari za zamani zimenizunguka pande zote. Harufu ya chumba kile, gundi ya unga wa muhogo na moshi wa kuni za mikaratusi, naweza kuitambua mpaka leo hata nikifumbwa macho.

Evodi alikuwa mwendesha bodaboda wa kijiwe kile, amenizidi umri kidogo, naye alikuwa amefeli Kiingereza hicho hicho. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa narudia kwa sababu nimeambiwa, yeye alikuwa anarudia kwa sababu anakitaka. Pale Kayanga kulikuwa na mradi mmoja wa maji wenye gari jeupe, na dereva wake alikuwa anakaribia kustaafu. Mkubwa wa mradi alikuwa amepanda pikipiki ya Evodi mara nyingi gari likiwa bovu, akampenda kwa uendeshaji wake, akamwambia wazi: lete cheti cha kidato cha nne chenye Kiingereza, kiti ni chako. Kijiwe kizima kilijua. Mama yake alijua, padri alijua, hata wateja wa supu walijua. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nililisikia kupitia ukuta ule usiofika juu, nikiwa nimeinamia sufuria ya maharage. Evodi alimwamkia shangazi, akakohoa, akasema, "Mama, matokeo yakitoka nitaleta wazee."

"Waitu, mwanangu, walete hata kesho," shangazi akasema. "Unangoja nini?"

"Hapana, mama. Nataka wazee wangu wakija wawe na la kusema."

Shangazi akaita jikoni kwa sauti ya kunikomoa, "Jovina, maharage yanaungua!" Hayakuwa yanaungua. Nilibaki nimeinama pale na uso wangu umepata moto, na kama kuna mtu anauliza nilimpenda Evodi au sikumpenda, nikisema sikumpenda nitakuwa naongopa kwenye msiba.

Vitabu hatukuwa navyo. Tulichokuwa nacho ni magazeti ya kufungia maandazi, ambayo duka moja la Kayanga lilimuuzia shangazi kwa mafungu, yakiwa yamepitwa na wiki kadhaa. Ndani ya kila fungu yalikuwemo machache ya Kiingereza. Evodi ndiye aliyegundua kwamba gazeti moja lilikuwa na kipande cha maneno machache kwenye ukurasa wa ndani, chini kushoto, penye picha ndogo ya mtu aliyevaa kofia juu chini. Kipande kilikuwa kifupi, kinamalizika kabla chai haijapoa, na mwaka ule kila wiki kilizungumzia jambo moja: bei ya mafuta. Petroli ilikuwa inapanda kila tukiamka. Wauzaji wa petroli ya chupa pale kijiweni walikuwa wakijibu maswali ya bei kwa ukali, kana kwamba wao ndio waliochimba kisima. Kwa hiyo kipande kile tulikifuata kwa hamu ya watu wanaosoma habari zao wenyewe. Nilikuwa nakihifadhi kabla shangazi hajakifungia andazi, na saa ya wateja kupungua Evodi aliingia, akaagiza chai, tukakaa meza ya karibu na jiko tukasoma neno kwa neno.

Kamusi ilikuwa ya Evodi. Babu yake alikuwa amesokotea tumbaku kurasa zote za herufi S, kwa hiyo maneno ya herufi hiyo ilibidi tuyapambanue wenyewe. Neno "shortage" tulilipata bila shida, maana lilirudi kila wiki likiwa jirani na petroli, na siku shangazi alipokung'uta kopo la sukari likatoa vumbi tupu Evodi akanyoosha kidole akasema, "Hiyo hapo, shortage." Shangazi akadhani anatukanwa. Lakini "subsidy" ilitusumbua. Tulilizunguka neno hilo siku nyingi, tukaliacha, tukalirudia. Mwishowe Evodi akaweka kikombe chini akasema, "Nimelipata. Mtu mwingine analipa, halafu wewe unamshukuru ambaye hakulipa." Mpaka leo nikiwa darasani Kyerwa napata shida kutafuta maelezo ya ruzuku yaliyo bora kuliko hayo. "Motorist" alilipenda kuliko yote. Alitoka nalo nje, akawaambia wenzake kwamba yeye kuanzia sasa si bodaboda, ni motorist, na wenzake wakamwambia basi motorist alipe kwanza deni la kufunguliwa pancha.

Tulisoma kwamba mtaalamu mmoja ametangaza kuwa bei haijapanda, wananchi ndio walioshuka. Evodi akatikisa kichwa kwa heshima, akanieleza kwa mfano wa mizani ya kupimia kahawa: upande mmoja ukishuka, mwingine unaonekana umepanda, ingawa haukusogea. Nikaona ni kweli. Tulisoma kwamba wakubwa wameshauri kila familia itenge jioni moja ya kunusa petroli badala ya kuitumia. Nikauliza kama hiyo haina madhara kifuani. Tulisoma kwamba kituo kimoja cha mafuta mjini kimegeuzwa makumbusho, watoto wa shule wanapelekwa kuiona pampu, na Evodi akasikitika kwamba watoto wa Karagwe hawatapata nafasi hiyo. Hatukucheka hata kidogo. Tulisoma kwa uso mkavu, kama tulivyofundishwa kusoma katekisimu.

Nimeyafikiria sana mambo haya tangu nilipokuwa mtu mzima, na sikubali mtu aniambie tulikuwa wajinga. Kwetu utani una wenyewe. Mjukuu humtania babu, shemeji humtania shemeji, ukoo huu huutania ukoo ule, na kila mmoja anajua ni nani ana ruhusa ya kumwambia nini, hata msibani. Mtu asiye mtani wako akikwambia kitu, amekwambia. Sasa gazeti lilikuwa mtani wetu kwa upande gani? Halikuwa na uso, halikuwa na ukoo, halikuwa limeoa kwetu. Lilikuwa kitu kilichobandikwa ukutani na kusomwa kwa adabu. Ile kofia iliyovaliwa juu chini ilikuwa ishara kwa watu waliolizoea, lakini sisi tulidhani mpiga picha alimwahi kabla hajajitengeneza.

Basi ikaja wiki ya ushuru. Kipande kilisema kwamba imebainika waendesha vyombo wengi wanazima injini kwenye milima na kushuka bure, jambo linaloipotezea nchi mapato, na kwamba kuanzia mwezi unaofuata atakayeshuka bila kuchoma mafuta atalipa ushuru, kwa kuwa mteremko ni mali ya taifa. Neno lilikuwa "levy", na herufi L tulikuwa nayo kamili. Evodi akalisoma, akalisoma tena, akasimama bila kumaliza chai. Mtu asiyeijua Karagwe hawezi kuelewa. Nchi yetu yote ni kupanda na kushuka, na mwaka ule hakuna mwendesha pikipiki aliyeshuka na injini inawaka. Walizima juu kabisa, wakaserereka hadi bondeni, abiria wakisikia upepo tu. Huo ndio uliokuwa ujanja wao wote dhidi ya bei. Na sasa mtu wa gazeti, aliyekaa huko mbali, ameuona.

Evodi akawasomea kijiweni, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, kisha Kinyambo kwa ajili ya wazee waliokuwa wamesogea. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikimsaidia neno lilipomponyoka. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilijivuna. Kijiwe kizima kilinyamaza kumsikiliza, halafu kikalipuka.

"Wametujuaje sisi?" mmoja akauliza.

"Na baiskeli?" akasema mzee mmoja aliyekuwa na mikungu mitatu nyuma ya kiti. "Baiskeli haichomi mafuta hata mlimani. Mimi si nitafilisika?"

Bibi mmoja aliyekuwa ananunua maandazi akataka kujua kama na yeye anayeshuka kwa miguu kwenda mtoni yumo. Evodi akarudi kwenye gazeti, akatafuta, akamjibu kwa upole, "Hapa wamesema vyombo, bibi. Miguu hawajaitaja." Bibi akashukuru Mungu.

Siku zilizofuata ungeshangaa, na usingeshangaa bure. Pikipiki za Ihanda zilishuka milima zinanguruma, zinachoma petroli ile ile ya bei kali, ili pasitokee wa kusema fulani ameserereka. Waendeshaji walirudi jioni chupa zimekauka na nyuso zimekunjamana. Mwenyekiti wao akasema haiwezekani, lazima jambo hili lifikishwe kwenye mkutano wa kijiji, na Evodi aende na gazeti asome mwenyewe, maana ndiye mwenye Kiingereza. Mama yake alimfulia shati jeupe. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mtendaji wa kata alikuwepo, kijana mgeni aliyesomea mbali, si mtu mbaya hata kidogo. Evodi alisimama mbele ya ubao akasoma vizuri. Sijamsikia mwanafunzi wangu yeyote aliyesoma kwa ujasiri ule. Alipomaliza, mtendaji akaomba alione gazeti. Akalisoma kimya. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Jamani, huyu anatania! Huu ni mzaha! Kila wiki anaandika mizaha!"

"Anamtania nani?" mwenyekiti wa bodaboda akauliza, amekasirika kweli. "Ni mtani wetu wa wapi huyo?"

Mtendaji alieleza kwa uvumilivu, na watu walipoelewa kwamba hakuna ushuru wakacheka kwa kupumua. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha nafuu, sikilaumu. Kilichofuata ndicho kibaya, kile cha kugeuka wakamtazama aliyesimama mbele ya ubao na shati lake jeupe. Evodi alicheka pia. Alikunja gazeti likawa dogo sana, akalitia mfukoni, akarudi kukaa, na kwa kuwa dawati lilikuwa la mtoto, alipata taabu kuingiza miguu.

Kutoka siku ile jina lake likawa Mteremko. Abiria walimwita, "Mteremko, nipeleke Nyakasimbi, ushuru nitalipa mwenyewe!" Watoto walimpigia kelele kutoka kwenye mibuni. Yeye aliwajibu kwa kicheko, akapeleka abiria wake, na mtu ungedhani halimgusi. Jikoni nikawa nasikia mengine. "Na huyu ndiye wa gari jeupe?" mteja mmoja alisema huku akipuliza chai. "Mkubwa wa mradi atamtuma Bukoba, yeye atafika Uganda." Shangazi akamjibu kwamba chai imekwisha, na birika lilikuwa limejaa. Mimi hakuna aliyenipa jina. Kosa lilikuwa letu wawili, watu walinisikia nikimsaidia maneno, lakini walinipita kana kwamba mimi ni meza. Msichana wa jikoni, angejua nini? Nilisamehewa haraka kwa sababu hakuna aliyekuwa ametegemea chochote kwangu. Hasira ile sijaimaliza.

Aliendelea kuja kunywa chai, ila alikaa meza ya nje, ameligeuzia mgongo fungu la magazeti. Nilipomwambia nimeweka kipande cha wiki, alisema amechoka. Nikaenda kwao na gazeti mkononi. Mama yake alinikaribisha vizuri, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani cha ukindu, akatuacha. Nikamwambia Evodi kwamba sasa tunajua ni mizaha, tutasoma tukicheka, maneno ni yale yale na mtihani hauko mbali. Alitafuna kahawa kwa muda mrefu.

"Soma wewe, Jovina," akasema. "Wewe ukikosea hawatakukumbuka."

Hakusema kwa ubaya, na labda ndiyo maana neno lile liliniuma hivyo. Nilirudi kwa shangazi, nikasoma peke yangu. Mtihani nilifanyia Kayanga, na katika chumba changu sikumwona, wala wakati wa kutoka sikumwona. Nikajua hakuja. Matokeo yalipotoka nilifaulu, na wiki ile ile nikasikia kwamba Evodi amehamia Kaisho kwa mjomba wake, kuchunga ng'ombe na kuangalia shamba la kahawa. Gari jeupe lilipata dereva kutoka wilaya nyingine. Wazee hawakuja kwa shangazi, na shangazi hakunisemesha juu yake, isipokuwa siku moja aliponiona nimekaa kwenye kitanda nasoma ukuta, akasema, "Mwanangu, watu walicheka tu. Hawakujua wanacheka nini." Niliolewa baadaye na mtu mwema, na simsemi kwa lolote. Nikasomea ualimu, na bahati ikanipanga Kyerwa, shule iliyo upande wa pili wa milima kutoka kwa Evodi, na bado hatukukutana. Siku hizi petroli ikipanda wanafunzi wangu wananionyesha mizaha ya Kiingereza kwenye simu, wanacheka kabla hawajamaliza mstari. Wanajua utani hata wa mtu wasiyemjua. Ninacheka nao, kisha napata uchungu ambao siwezi kuwaeleza, kwamba kitu chepesi namna hii, ambacho mtoto wa kidato cha pili anakielewa kwa kutazama tu, kilitosha kumwangusha mtu mwenye akili kuliko mimi.

Jioni ile ya msiba, tulipokwisha kula, Evodi alinifuata nilikokuwa nasuuza masufuria. Alinipa pole ya shangazi. Tukaulizana watoto, tukaulizana mvua. Aliniita mwalimu, nami nikamwomba aniite jina langu. Halafu, kwa kuwa mtu mzima hana muda wa kuzunguka, nikamuuliza kile nilichokuwa nimekihifadhi miaka yote.

"Evodi, kwa nini hukuja kwenye mtihani?"

Alinitazama kwa mshangao. "Nilikuja. Nilikuwa chumba cha pili, dawati la mwisho."

Maji yalikuwa yanamwagika miguuni kwangu, nikayaacha.

"Nilifunua karatasi nikasoma lile swali la kwanza la kuandika," akasema. "Maneno yote niliyajua, Jovina. Hakuna hata moja lililonishinda. Lakini nikajiuliza, hawa nao wananitania? Nikalisoma tena. Sikuweza kujua. Kila nikilisoma naona mtu anacheka nyuma yake. Basi nikaweka kalamu chini, nikatoka."

Swali lile nalikumbuka, maana lilinipa alama. Lilituagiza tumwandikie rafiki barua ya kumkaribisha nyumbani wakati wa likizo, tumweleze njia ya kufika. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia halikuwa na mzaha wowote ndani yake, walitaka barua tu, maneno machache ya kumwelekeza mtu njia.

Alipangusa kofia yake kwa kiganja ingawa ilikuwa safi.

"Njia tu?" akauliza.

"Njia tu."

"Basi ningeliweza," akasema Evodi.